Macho Makavu kwenye Msiba wa Bibi

Wiki tatu zimepita na bado sijamlilia bibi aliyenilea. Naona aibu hata kurudi nyumbani kwake Iyunga.

Nilikuwa nimejisomea kwenye simu mafundisho ya Wastoiko, wanafalsafa wa kale: usihangaishwe na kisicho mikononi mwako. Mimi ninayepiga pasi hadi soksi nilidhani nimepata dawa ya hofu zangu.

Msibani nilipewa kusoma wasifu wa marehemu. Ndugu zangu waligaagaa chini wakilia, mimi nikamwambia shangazi, "Kifo hakiko mikononi mwetu."

"Wewe mtoto una moyo wa jiwe," akajibu.

Nilisoma bila kutetemeka hadi mwisho. Nilipokunja karatasi nikagundua nimeruka ukurasa wa pili wote. Nikaangua kilio cha kwikwi. Shangazi akaja mbio, akanikumbatia.

"Lia, mwanangu. Bibi yako alikupenda."

Laiti ningenyamaza.

"Shangazi, nimeruka ukurasa."

Mikono yake ikalegea. "Kumbe unalilia karatasi?"

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote. Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu, na sikuwa nimeizima.