Jusi ya Kutia Maji Tu

Siku baba yangu nusura afe, uani kwetu kulikuwa na lita mia za jusi ya embe, na mimi ndiye niliyeikoroga.

Niseme kwanza habari za jusi yenyewe, maana bila hizo hutaelewa tulivyokuwa wajinga. Nilipokuwa mtoto, huko kwetu vilimani juu ya mji wa Nkubu, jusi ya unga ilikuwa kitu cha Krismasi na cha harusi. Pakiti moja ndogo, upana wa kiganja, ilitosha kupaka rangi ndoo nzima. Sisi watoto hatukuwa na subira ya maji. Tulipasua kona kwa meno, tukamimina unga kiganjani na kulamba njia nzima ya kutoka shule, na ulimi ukabaki na rangi ya chungwa hadi kesho yake. Mama hakuhitaji kuuliza nani amegusa pakiti ya wageni. Alisema tu, "Toeni ndimi," na kesi ikaisha.

Watu wazima nao walikuwa na sababu zao za kuipenda. Zamani mahari hayakuzungumzwa bila uki, ile pombe ya asali, iliyozungushwa kwa pembe kutoka kwa mzee hadi mzee. Kisha wazazi wetu wakaokoka. Uki ukafukuzwa bomani, na soda wakati huo ilikuwa ya wenye gari. Hapo ndipo jusi ya unga ilipoingia, ikakalia kiti cha uki bila kubisha hodi. Nimewaona kwa macho yangu wazee wa kanisa wakiipokea kwa mikono miwili, wakimwaga tone chini kwa mazoea ya babu zao, halafu wakijifanya imewamwagikia.

Lakini jusi ya wakati ule ilikuwa kali. Pakiti ilikupa rangi na uchachu. Utamu uliuleta wewe mwenyewe, kilo nzima ya sukari kwa ndoo, na mgeni alipima heshima yake kwa ulimi. Siku hizi zimekuja pakiti nyingine, zenye picha ya embe lililokatwa, ambazo unatia maji tu na kukoroga. Zimekuja zikiwa tamu tayari. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza utamu huo unatoka wapi, na mimi pia sikuuliza.

Sasa kwetu sukari ilikuwa imepigwa marufuku. Baba alipoambiwa kliniki kwamba ana ugonjwa wa sukari, mama alichukua kopo la sukari siku hiyo hiyo akampa jirani. Tangu hapo hakuna hata chembe iliyovuka lango letu. Baba alijidunga sindano yake ya insulini kila asubuhi, akala, akaenda kwa ng'ombe wake. Muuguzi alikuwa ametuonya: akidungwa lazima ale, na akianza kutetemeka na kutoka jasho, sukari yake imeshuka, apewe haraka kitu chenye sukari.

Basi posa ya mdogo wangu ilipofika, mama alisema wageni hawatapewa chai, watapewa jusi. Mimi nafanya kazi ofisini Embu mjini, nikanunua pakiti za kutia maji tu, nikaona nimekuwa mjanja: wageni watakunywa kitamu na amri ya mama haitavunjwa, kwani sukari yenyewe sitaileta. Pipa la baba nililitenga, la maji matupu. Nilimwonya mara mbili asiiguse ile jusi.

Wageni walikuwa wanatoka Gachoka, nchi kavu ya chini ambako maji hubebwa kwa punda, na baba hakuwataka. Hakuficha. "Binti yangu hatakwenda kuswaga punda wa maji huko kwenye jua," alisema wiki nzima. Alikuwa amekubali tu waje, waseme yao, wasikilizwe, warudi.

Walisema watafika saa nne. Asubuhi baba alijidunga sindano kama kawaida. Mama akamletea nduma na chai isiyo na sukari, naye akaisukuma sahani. Kwetu mwenye boma hali kabla ya wageni wake, hasa siku ya mahari. "Wanikute natafuna kama mbuzi?" alisema. Mama akasisitiza, baba akapandisha sauti, na mama akaiondoa sahani. Nilikuwa pale. Ningeweza kusema neno. Lakini nilikuwa na haraka ya kukoroga.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Simu ikasema gari lao moja limekwama kwenye matope. Kila mara mama alipopita karibu na baba alimtupia jicho, na kila mara baba alitazama pembeni. Saa sita na nusu niliona shati lake limelowa mgongoni, na hakukuwa na jua. Nikamwuliza kama yuko sawa, akanijibu neno ambalo halikuwa Kimeru wala Kiswahili. Mkono wake ulikuwa unacheza juu ya goti.

"Sukari imeshuka!" mama alipiga kelele. "Kitu chenye sukari, haraka!"

Nikakimbilia pipa la wageni, nikachota jagi la jusi. Glasi ya kwanza alikunywa mwenyewe. Ya pili niliishikilia mimi. Ya tatu nusu ilimwagika kifuani, na nikamwambia, "Kunywa baba, hii ni sukari tupu." Nilikuwa na hakika. Nilisimama pale nikingoja apate nafuu kama mtu anayengoja maji yachemke.

Hakupata nafuu. Macho yakalegea, kichwa kikaangukia bega la mama. Wakati huo huo nyimbo zikasikika langoni. Wageni wamefika, wanaimba, wamebeba zawadi, na sisi tumezunguka kiti tunalia. Wimbo ukakatika katikati.

Mwanamke mmoja mfupi akawapenya wote. Alikuwa shangazi ya kijana, muuguzi aliyestaafu. Akamgusa baba shingoni, akamfunua jicho.

"Ana sukari?"

"Anayo," mama akasema. "Alidungwa asubuhi."

"Na amekula?"

Mama akatikisa kichwa.

"Amepewa nini?"

"Jusi," nikasema. "Glasi tatu. Ni tamu sana."

Akaonja jagi langu kwa kidole. "Pakiti iko wapi? Lete, mami, harakisha." Nikaokota moja kwenye takataka. Akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma ambayo sikuwahi kuyatazama, akaitupa. "Hii haina sukari. Ni dawa ya utamu tu. Mmekuwa mkimpa maji. Sukari iko wapi kwa hii nyumba?"

"Hakuna hata chembe," mama akasema. Jirani mwenye lile kopo alikuwa amefunga nyumba na kwenda sokoni, duka la karibu lilikuwa ng'ambo ya mto, na mwenye duka alikuwa amekaa kwetu anangoja nyama.

"Asali je? Si tumekuja na asali?"

Wote tukaitazama. Ilikuwa mikononi mwa mzee wao mmoja, kwenye kibuyu kikubwa kilichozibwa kwa ngozi na kufungwa kwa uzi wa katani. Nami nililelewa na sheria ya asali hiyo. Asali ya mahari haifunguliwi mpaka wazee wazungumze na baba wa msichana akubali. Ikionjwa bomani kwake, msichana ameenda, na hakuna la kurudisha.

Ndugu mkubwa wa baba, msemaji wetu siku hiyo, aliinua fimbo. "Hiyo hapana! Hatujasalimiana hata. Mtu atumwe dukani."

"Dukani?" shangazi akasema. "Huyu mzee hana dakika za duka."

"Mwenyewe alikataa hii mambo. Mnajua alikataa. Mnataka tumuibie neno lake akiwa amelala?"

Naona haya kuandika kwamba kwa kitambo kidogo nilimwona ana haki. Nilimjua baba. Nilijua angeweza kuchagua kufa kuliko kufanywa mjinga mbele ya watu wa Gachoka. Nilisimama na jagi langu nikitazama kibuyu kilicho hatua nne kutoka kwangu, na sikusogea.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Mdogo wangu hakupaswa kuonekana kabla hajaitwa. Alitoka na leso ikiburuzika, miguu mitupu.

"Rudi ndani wewe!" baba mkubwa akamfokea.

Hakumtazama hata kidogo. Alimpokonya yule mzee kibuyu, akakata uzi kwa meno, akachana ngozi na kutia mkono mzima. Shangazi akampanua baba midomo. Mdogo wangu akampaka asali ndani ya mashavu na chini ya ulimi, akatia tena, akapaka tena, huku akimwita tu, "Baba. Baba. Baba." Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na zaidi ya hofu nilijichukia.

Sijui ilichukua muda gani. Koo la baba likameza. Baadaye likameza tena. Kisha jicho moja likafunguka, likatutazama kama tumemkosea, na hapo ndipo mama alipokaa chini kwenye udongo na kuanza kulia kwa sauti.

Walimpa uji, walimpa nduma, akala mbele ya wageni bila kubishana. Ndevu zake zilikuwa zimeshikana kwa asali. Alizipitisha ulimi, akaangalia kibuyu kilichopasuliwa, akamwangalia binti yake mwenye mkono unaonata hadi kiwiko. Alielewa. Baba mkubwa akaanza kueleza, baba akamnyamazisha kwa kidole.

"Nimekula asali ya watu kabla ya kuwauliza walikotoka," alisema. "Basi yamekwisha. Lakini mtachimba kisima. Huyu hataswaga punda."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Nikadhani tumemaliza. Baba akajifuta mdomo.

"Na ile kitu nilinyweshwa," akauliza, "ile iliniangusha. Nani alininywesha?"

Yeye aliamini jusi ndiyo iliyomwangusha, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumfundisha. Nikavuta pumzi niseme.

"Ni mimi," mama akasema kutoka pale chini.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa bega. Nikanyamaza.

Ni miaka minne sasa. Mdogo wangu ana watoto wawili na kisima. Mpaka leo baba hanywi kitu kutoka mkononi mwa mama kabla mama hajaonja kwanza. Anasema ni utani, na wageni hucheka. Mama huonja, akampa. Nikienda nyumbani mimi ndiye humpelekea uji, na kikombe changu hukipokea kwa mikono miwili na kunywa bila kuuliza.