Siku Niliposugua Viganja Vyangu kwa Tofali

Bon, nitawaeleza mwenyewe, kwa sababu nisipoeleza mimi ataeleza mke wangu, na kwake mkasa huu hurefuka kila mwaka. Nimeaibika mara nyingi maishani, lakini ile ya kwenye kizuizi cha barabarani ndiyo aibu ambayo hata leo nikiikumbuka peke yangu chumbani nafunika uso.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika commune ya Tshopo, hapa Kisangani (Wazungu wakati ule waliuita mji Stanleyville, sisi tulisema Kisangani tu). Uhuru ulipofika, walimu Wabelgiji walifunga masanduku yao, nasi wasaidizi tukapandishwa cheo ghafla, donc nikapewa darasa la juu na somo la mwili wa binadamu, nikaanza kutembea kama mtu aliyeuumba mwili huo mwenyewe. Nilivaa tai kwenye jua lile. Kila usiku nilipaka glycerine mikononi, maana nilisikia mikono laini ndiyo alama ya mtu aliyesoma. Sisi walimu tulisalimiana kwa kugusana ncha za vidole, kama watu wanaoogopa kumwaga kitu. Upumbavu mtupu.

Halafu rebellion, uasi ule dhidi ya serikali mpya, ikaingia mjini. Wapiganaji waliweka vizuizi barabarani, wakitafuta watu wa ofisi, watu wa kalamu, waliokula uhuru peke yao, na kwa kuwa kila msomi alikuwa amekwisha kutupa tai yake chooni, wakaanza kukagua viganja. Mwenye sugu anapita. Mwenye kiganja laini anawekwa kando, na wengi waliowekwa kando hatukuwaona tena.

Nyumbani chumvi ikaisha. Mama mkwe wangu, Mama Asha, aliyekuwa akiuza lituma, ndizi za kutwangwa, sokoni na ambaye mikono yake, kwa kutwanga zile ndizi, ilikuwa migumu kama mchi, alisema, "Kesho nitaenda Makiso, kule katikati ya mji, kutafuta chumvi. Wanawake hawasumbuliwi. Weye, mukwe, kaa na watoto."

Ningekaa, leo ningekuwa na heshima. Nikasema tutaenda wote, mimi sijifichi nyuma ya kikwembe cha mwanamke.

Na kwa kuwa nilikuwa msomi, nilijua la kufanya. Kitabu kilisema ngozi ikisuguliwa mara kwa mara safu yake ya juu hunenepa, ndiyo sugu hiyo. Nikachukua kipande cha tofali, nikaketi nyuma ya nyumba, nikasugua viganja, na nilipoona haviwi vigumu nikaongeza maji ya majivu, na nilipoona bado nikaenda kutwanga kwenye kinu cha mama mkwe bila kitu ndani (majirani walitazama, hakuna aliyethubutu kuuliza). Kitabu kilisema pia kwamba sugu huchukua miezi, lakini sentensi hiyo niliona inawahusu watu wengine. Asubuhi sikuwa na sugu. Nilikuwa na malengelenge, yamejaa maji, kama maharagwe yaliyopandwa chini ya ngozi.

Mama Asha akayatazama. "Uliungua?"

"Nilifanya kazi," nikasema.

Alikaza kikwembe chake tukatoka.

Kizuizini kulikuwa na foleni ndefu, na nusu ya foleni ni wazazi wa wanafunzi wangu, wote wakijifanya hawanijui, jambo lililonigusa moyo. Commandant alikuwa kijana mwembamba, paji lake limechanjwa mistari midogo iliyopakwa dawa, ile dawa waliyoamini inageuza risasi kuwa maji. Akaishika mikono yangu, akaigeuza.

"Kazi yako iko gani?"

"Mulimaji."

"Unalima nini?"

"Mihogo."

"Jembe lile pale. Chimba hapa."

Nilijua ni kaburi langu (kumbe walitaka choo, lakini hakuna aliyenieleza, na shimo ni shimo). Nikapiga jembe la kwanza, nikapiga la pili, malengelenge yakapasuka yote kwa pamoja, mpini ukagusa nyama, na mimi, mulimaji wa mihogo, nikatupa jembe na kulia kwa Kifaransa safi kabisa, "Aïe, mon épiderme."

Foleni nzima ikageuka kunitazama.

"Épiderme iko nini?" commandant akauliza.

Mtu mwenye akili angesema ni jina la mke wake. Mimi nilisimama wima. Mdomo wa mwalimu ukiulizwa swali hujibu wenyewe, haumngoji mwenye nao. Nikamweleza, damu inadondoka, kwamba ngozi ina safu tatu: ya juu ndiyo épiderme, nyembamba, uso wake ni chembe zilizokufa, inazuia vumbi na vidudu visiingie mwilini, chini yake derme, mlimo mishipa ya damu, mizizi ya nywele, vifuko vya jasho linalopoza mwili, na neva zinazotuambia hiki kinachoma na hiki kinauma, na chini kabisa mafuta, yanayotunza joto. Nikainua kidole kilichochubuka na kumaliza kama nilivyozoea, "Mumeelewa?"

Na foleni nzima, wale wazazi wote, ikaitika, "Oui, monsieur."

Commandant hakucheka. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya ile dawa. "Alors, monsieur. Ngozi inazuia vumbi, inazuia vidudu. Na risasi?"

Nikatazama chanjo zake. Nikisema hapana, nimeitukana dawa yao mbele ya watu. Nikisema ndiyo, angetaka kuonyeshwa kwenye ngozi yangu. Jasho likanishuka mpaka miguuni.

Ndipo Mama Asha akatoka kwenye foleni, akasema kwa sauti yake ya sokoni, "Commandant, mutoto yangu, huyu mutu ngozi yake imeshindwa na mupini wa jembe, na weye unamuuliza mambo ya risasi? Mimi niko naye nyumbani. Hajui hata kupasua kuni. Mukimubeba, mubebe na sahani yake, maana kula anajua."

Alianza kucheka mwanamke mmoja, kisha foleni, kisha wapiganaji, mpaka commandant akabana bunduki kwa magoti ili afute machozi.

"Huyu si adui," akasema. "Huyu hana faida kwa mutu yeyote. Mama, umubebe."

Lakini shimo halikuwa limekwisha, donc Mama Asha akalimaliza mwenyewe, na mimi nikakaa chini pembeni, mikono juu kama mtu anayengoja kunawishwa, foleni ikipita mmoja mmoja mbele yangu, "Bonjour, monsieur," "Bonjour, monsieur."

Alipomaliza alishika njia ya nyumbani. "Na chumvi?" nikauliza.

"Utaramba jasho lako," akasema, bila kugeuka.

Viganja viliota ngozi mpya, shule ikafunguliwa tena, na watoto wakaniita Monsieur Épiderme mpaka nilipostaafu. Tangu hapo mtu akiniuliza kazi yangu namwambia ukweli kabla hajamaliza swali, na sijagusa tena tofali ila kwa kujenga. Nilikuwa nataka sana kuheshimiwa, na nikaja kuokolewa na mwanamke aliyenidharau kwa sauti kubwa barabarani. Basi miaka yote aliyoishi nasi sikumwomba Mama Asha aniheshimu hata siku moja, naye, kwa kweli, hakujisumbua.