Tipitipi Nilizomtungia Mama

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nikiruka huku na kule mnivumilie. Duka la vitambaa la mama mmoja Mhindi hapa Voi nimelifagia tangu nikiwa na meno yote. Mjane, mtu wa sala. Kila asubuhi kabla ya kufungua alishika tasbihi yake ya punje mia moja na nane, akataja jina la Mungu wake kwa kila punje. Na kila baada ya punje chache alilamba kidole gumba, vile alivyozoea kufungua majora ya vitambaa. Hilo la kulamba lishikeni.

Mwaka jana uzi ukaoza, punje zikapotea. Alinyong'onyea kama aliyefiwa. Ndugu yake wa Mombasa akamletea mbili achague. Ya msandali akainusa. "Hii wamepaka marashi tu." Ya mbegu zenye makunyanzi akairudisha. "Hii ya watu wa Shiva. Mimi wa Krishna." Alitaka ya mti wa tulsi, ambao ni jamaa ya kivumbasi chetu cha kufukuzia mbu. Wake wa koponi ulikauka, si mnajua maji ya mfereji hapa kwetu yanavyokatika.

Mimi na kimbelembele changu nikasema nitamletea za kwetu. Nikapanda mlima wa Sagalla, nikachuma tipitipi vichakani, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Nikazitoboa moja moja kwa sindano ya magunia, nikatunga mia moja na nane.

"Mzee, kumbe una macho!" mama akasema. "Kesho naanza nazo."

Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba. Mke wangu alikuwa anapepeta mahindi.

"Umezitoboa?"

"Sasa ningezitungaje?"

Akaweka ungo chini. "Nzima haina neno. Ikitoboka ni sumu. Na yule si hulamba kidole, wewe mzee?"

Utotoni tulikatazwa kuzitafuna. Nami nilidhani ni kutafuna tu.

Alfajiri nilishuka na bodaboda. Nilimkuta amefumba macho, midomo inacheza. Akiwa katikati ya mzunguko haongei wala hakatizwi.

"Mama!"

Akanyoosha kiganja: ngoja. Punje. Punje nyingine. Kidole kikaanza kwenda mdomoni.

Nikamnyang'anya tasbihi. Uzi ukakatika, mbegu zikaruka sakafuni kote.

"Wewe! Unakata jina la Mungu?"

"Sukutua, mama. Nimekuletea sumu."

Akasukutua mara tatu bila kunitazama. Hatukufungua duka. Tulikaa kwenye benchi kutwa nzima, mimi nikingoja tumbo limuume.

"Ukizidi kunikodolea hivyo, nitakufa kwa macho yako," akasema. Hakucheka.

Tumbo halikuuma, siku hiyo wala zilizofuata. Tasbihi ya tulsi ilikuja baadaye, na hataki niiguse. Haki yake.

Lakini mbegu nilizookota zilikuwa mia moja na saba. Nimehamisha majora yote, nimechokoa kila ufa kwa waya. Wateja wetu huja na watoto wanaotambaa. Mtoto akinyamaza nyuma ya meza, natupa ufagio namkimbilia.