Kaburi la Mtoto wa Nyani

Nilirudi kazini maziwa hayajakauka kifuani. Kazi yangu miaka ile ya tisini ilikuwa kufuata nyani kwenye vilima vya nje ya Geita, kwa ajili ya mtafiti mmoja aliyetaka kujua sisi binadamu tabia zetu tumezitoa wapi: kulea, kugombana, kupatana. Watu walinicheka sana. "Mtu analipwa kuangalia nyani? Haya, dunia ina mambo!"

Mwanangu alizaliwa, akalia kidogo, akanyamaza. Kwetu mtoto mchanga wa namna hiyo hawekewi matanga. Kina mama wazee walimfunga kwenye kanga, wakaenda kumzika wenyewe, na mimi nikaambiwa nibaki ndani, nisilie, nisije nikafunga kizazi.

"Nyamaza, mayu, nyamaza mama," mama mkwe akasema. "Utapata mwingine."

Mwingine! Jamani, mimi nilimtaka yule yule. Hata uso sikuonyeshwa.

Basi asubuhi moja nikamkuta nyani jike kabeba mtoto wake aliyekufa. Akila, anamlaza mapajani. Kundi likiondoka, anamwokota. Lile dume korofi lililokuwa linanitisha kila siku lilisimama, likamsubiri. Hakuna aliyemnyang'anya. Nilimwonea wivu mnyama yule, wivu wa kweli.

Kambini mtafiti alifurahi nilipomsimulia. Hakuwa mtu mbaya. "Akimwacha, niletee," akasema. "Tutauchemsha mwili, tupate mifupa tuipime."

"Sawa, Daktari."

Hatimaye yule jike alimwacha mtoto juu ya jiwe, inzi wamejaa. Akaenda, akageuka, akarudi kumnusa, akaenda tena. Ng'ambo ya kilima wachimbaji wa dhahabu walikuwa wanagonga mawe yao kama kawaida. Nikamchukua yule mtoto. Alikuwa mwepesi mno. Nikamtazama uso mpaka nikatosheka, nikavua kanga yangu ya juu, nikamfunga, nikachimba kwa panga na vidole. Nililia kwa sauti, na hapakuwa na wa kuniambia nyamaza.

"Yuko wapi?" mtafiti aliuliza niliporudi.

"Fisi kamchukua, Daktari."

Alisikitika sana, masikini. Mimi sijutii hata kidogo. Kaburi la mwanangu hawakunionyesha, na wale kina mama wote wameshakufa. Nikitaka kumlilia, napanda kule kilimani.