Safu ya Sababu

Nianze kwa kuungama: nilicheka. Nilicheka na walimu wenzangu wote, chai mdomoni, na nusu ya chai hiyo iliishia kwenye madaftari ya darasa la sita. Kwa hiyo ninapowasimulia habari za jirani yangu wa meza, msije mkadhani mwenye akili pale ofisini nilikuwa mimi.

Jirani yangu huyo, mwalimu wa kike wa hesabu, wanafunzi walimwita Saa Moja. Saa moja kamili asubuhi mlinzi anafunga geti, naye anasimama pale na daftari la wachelewaji, kalamu sikioni, na baada ya hapo hata upepo ukitaka kuingia sharti uandikishwe. Daftari alilibuni mwenyewe na kulipiga mistari kwa rula: jina, darasa, dakika, sababu. Kanuni nazo alizitunga yeye, akazisoma kwenye kikao kwa sauti ya hakimu. Ukiandikwa mara kumi, unaitiwa mzazi, kisha unakaa nyumbani wiki mbili. Hakuna cha mtoto wa nani.

"Hata mimi nikichelewa, niandikeni," alisema. Mlinzi, mtu ambaye huchukua kila neno kama lilivyotamkwa, akaitikia kwa kichwa na kuliweka moyoni.

Sasa kulikuwa na binti wa darasa la saba, mwembamba, soksi moja juu moja chini, ambaye daftarini alikuwa hakosekani. Sisi tulimwita Hadithi. Wenzake waliandika "nilichelewa kuamka" wakaenda zao. Yeye safu ya sababu ilikuwa haimtoshi, anaandika mpaka pembeni. "Mbuzi wa jirani alikula soksi yangu, nikawa nasubiri aiteme." "Bata walipanga foleni barabarani, nikaona aibu kuiruka." "Nilifika mapema mno, nikarudi nyumbani kupumzika." Saa Moja alitusomea hayo ofisini kwa uso mkavu, nasi tukiangua vicheko mpaka mwalimu mkuu anagonga ukuta. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto mwenye kichwa kama hicho anasinzia kila kipindi cha pili. Mimi pia sikujiuliza, na linaniuma hadi leo.

Jumatatu moja akaandikwa mara ya tisa. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umebaki mwezi na nusu. Mara moja tu tena, na Hadithi angezikosa wiki mbili nzima za marudio. Saa Moja akamwandikia mzazi barua ya onyo, na kwa kuwa hakumwamini binti yule hata chembe (mbuzi angeila na barua), aliamua kuipeleka kwa mkono wake. Kesho yake, saa kumi na mbili na robo asubuhi, alikuwa anabisha hodi, hotuba yote kaipanga kichwani.

Mlango ulifunguliwa na Hadithi mwenyewe. Pacha mmoja alikuwa mgongoni, mwingine kambana kwapani kama mkate, na pini ya nepi iko mdomoni. Nyuma yake, kitandani, alilala mama yake, fundi cherehani, na plasta kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu. Wiki mbili nyuma aliteleza ngazini na jora la kitambaa. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini. Jirani mmoja mwema, mfanya usafi wa hospitali, alikuwa akija kuwashika watoto mchana kutwa, lakini zamu yake ya usiku ilimwachia afike saa moja kamili, si kabla. Kutoka mlango ule hadi getini kwetu, ukikimbia kama umeiba, ni dakika kumi.

"Shikamoo, mwalimu," Hadithi alisema na pini yake mdomoni.

"Marahaba. Kumbe mbuzi wenyewe ndio hawa?"

Binti akacheka, halafu akalia, halafu vyote viwili kwa pamoja, na mapacha nao wakajiunga.

"Mwanangu, kwa nini hukusema?"

"Binamu yangu alisema, mwalimu. Shuleni kwao wakamwambia akae nyumbani kwanza, amsaidie mama, atarudi mwakani. Hajarudi. Naomba usimwambie mtu. Nitakimbia zaidi."

Hotuba yote ikayeyuka. Saa Moja aliitazama barua ya onyo, akaikunja vizuri, akafutia uji kwenye kidevu cha pacha wa kwapani.

"Nipe huyo," alisema. "Na huyo wa mgongoni. Haya, kimbia!"

Siku hiyo Hadithi aliingia getini saa moja kasoro dakika ishirini. Mwalimu wake alifika saa moja na dakika kumi na mbili, anahema, akakuta geti limefungwa.

"Fungua, ni mimi!"

"Nakuona, mwalimu," mlinzi alijibu, akipenyeza daftari katikati ya vyuma. "Jina, darasa, dakika, sababu."

"Darasa?"

"Weka tu walimu."

Alikuwa amemwahidi Hadithi kunyamaza, na mwalimu wa hesabu hajui kutunga. Kwenye safu ya sababu aliandika neno moja: "Mbuzi." Kesho yake: "Mbuzi yule yule." Siku ya tatu alijitutumua: "Bata."

Hapo ofisini tukapata starehe ya mwaka. Siku moja aliingiza mkono mkobani atoe chaki, akatoa chupa ya maziwa, na akaendelea kuonyeshea sehemu ubaoni kwa chupa hiyo. Begani ana doa jeupe kila asubuhi. Akisahihisha, anaimba wimbo wa kubembeleza watoto. Mwalimu wa sayansi aliapa kwamba Saa Moja amepata mchumba. Nami nikakubali, maana nilimwona akimwacha Hadithi alale robo saa maktaba wakati wa mapumziko, kisha wanafanya pamoja mazoezi ya nyumbani pale pale. Upole ule kwa mtu kama Saa Moja, nilidhani, ni mapenzi ya huyo mchumba tu.

Siku ya kumi mwalimu mkuu akamwita. Kanuni ni kanuni: mzazi aje. Akaja mama yake mzazi, mkunga mstaafu wa miaka sabini, mkoba mkubwa mkononi, amefura. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, nikiuma ulimi nisicheke.

"Mtu ana miaka arobaini na sita, naitwa shuleni!" bibi alifoka. "Mara ya mwisho ulikuwa darasa la nne, umemng'ata mwenzio. Sasa umemng'ata nani?"

"Mbuzi mara sita, bata mara nne," mwalimu mkuu alisoma. "Mwalimu, nipe sababu ya kweli. La sivyo ni wiki mbili nyumbani na barua kwenye faili lako."

Saa Moja aliangalia viatu vyake.

Mlango ukagongwa. Hadithi aliingia, soksi zote mbili zimepanda juu.

"Hakuna mbuzi," alisema. "Wala bata hawapo. Kuna wadogo zangu wawili na mama anaumwa." Akaeleza yote, moja kwa moja, bila nakshi, mara ya kwanza tangu tumjue. "Kama ni kukaa nyumbani, nikae mimi. Mwalimu muacheni."

Kalamu yangu ilisimama. Nilitamani kulila lile daftari mwenyewe. Bibi ndiye aliyeuliza.

"Wana miezi mingapi?"

"Saba, bibi."

"Saba!" Akamgeukia binti yake, Saa Moja. "Mimi naamka saa kumi na moja kila siku, nabaki kugombana na redio, na wewe unashika watoto wawili usinipe hata mmoja? Una roho mbaya!"

Tulicheka mpaka miwani ya mwalimu mkuu ikaanguka mezani. Alipoiokota alijifuta macho kwanza ndipo akaifuta miwani, na mpaka kesho anakataa kwamba alilia.

Asubuhi iliyofuata bibi alikuwa kwa fundi cherehani saa kumi na mbili kamili, na Hadithi hakuchelewa tena; Saa Moja naye akawa anakwenda kuwashika mapacha usiku, binti asome. Saa Moja aliichana kanuni yake akaandika nyingine: ukichelewa mara tatu, mwalimu anakuja kwenu, na mkono mmoja uwe mtupu wa kusaidia. Mimi mwenyewe nimeshapiga deki nyumba mbili.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, Hadithi akiwa wa kwanza kufika kila siku, mlinzi alimkabidhi daftari. Na siku hiyo Saa Moja, baada ya wiki zote zile, alipitiwa na usingizi. Alifika mbio, kanga ya pacha bado iko begani.

"Andika mbuzi," alinong'ona.

Hadithi alikataa kwa kichwa, akaandika mwenyewe. Nililisoma daftari baadaye. Jina: mwalimu wetu. Dakika: nne. Sababu: "Amechoka. Mfungulieni."