Chupa za Mzee Kizibo

Miaka ishirini na tisa alibana vizibo vya bia kiwandani, ndiyo maana hata mkewe alimwita Mzee Kizibo. Kiharusi kilipompitia upande wa kushoto, wakubwa walimpa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Yeye akaapa kwamba amepona kabisa. Ili kuwaziba mdomo waliomwonea huruma, akapika bia yake mwenyewe jikoni, akaalika wenzake wa zamani waje kuonja.

Bia ilikuwa imepooza. Haikutoa povu wala mlio, na wenzake wakainywa wakitazama sakafu. Mzee akaona haya, na haya ikatafuta pa kutulia.

"Huyu mama ana mkono wa birika," akasema mbele ya wote, akimwonyesha mkewe. "Sukari ya kuweka kwenye chupa kaibania. Gesi itoke wapi?"

Mkewe alikuwa amepima sukari kijiko kwa kijiko, kila chupa sawasawa. Tangu siku ile alimwekea mumewe chakula mezani na kuondoka.

Wenzake waliahidi kurudi Jumapili. Mzee akahangaika na chupa zilizobaki kama muuguzi wa wodini. Akazihamishia karibu na jiko, labda baridi imeilaza hamira. Akazipindua ili mashapo ya chini yachanganyike. Wapi! Kila aliyofungua ilikuwa maji ya shayiri.

Jumamosi akatumbukiza moja kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Vipovu vyembamba vikapanda kutoka chini ya kizibo, upande mmoja tu. Akachukua ya pili, ya tatu: upande uleule. Mashine yake ya kubania vizibo ilikuwa na mikono miwili, na ilitaka ikandamizwe kwa nguvu sawa. Kulia kizibo kilikuwa kimekaza. Kushoto kilikuwa kimekaa tu.

Akakumbuka kreti nyekundu. Siku ya kujaza chupa aliitwa nje kidogo, na mkewe akambania vizibo vya chupa kumi na mbili za mwisho. Akatumbukiza moja ya hizo. Maji yakatulia tuli. Alipoifungua, povu likamlowesha hadi kwenye kiwiko.

Mzee akakaa chini, akautazama mkono wake wa kushoto, akauchukia. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, na ameona yote. Neno moja tu lilihitajika pale. Lilimfika kooni, akalimeza.

Jumapili alitoa kreti nyekundu. Chupa ya kwanza ilitoa mlio, povu likapanda, na wenzake wakapiga meza.

"Mzee Kizibo! Kumbe mkono wako bado uleule!"

"Sasa juzi ilikuwaje?" akauliza mmoja.

Mzee akamtazama mkewe, na macho yake yalikuwa yakiomba.

"Safari hii niliongeza sukari," mkewe akasema.

"Si niliwaambia?" Mzee akadakia, na wote wakacheka. Naye akacheka, huku akijiona mdogo kuliko kizibo.

Mkewe hakucheka. Akaweka chupa ya pili mbele yake, akaokota kifungulio, akakitia katika mkono wa kushoto wa mumewe, taratibu, kisha akaingia ndani. Wageni wakasogeza glasi zao, wakangoja afungue.