Siku Niliyoisingizia Kompyuta Virusi

Jambo hili sijawahi kumsimulia mtu kwa hiari yangu. Kila anayelijua alilisikia kwa mwingine, na huyo mwingine naye alishaongeza chumvi, kwa hiyo bora leo niliseme mwenyewe jinsi lilivyokuwa, mcheke, tumalize.

Nilikuwa mchapaji kwenye duka la steshenari la Mama Shani pale Mabatini, miaka ile ya ruksa, watu wakifungua biashara popote penye nafasi ya kuweka meza, na Mama Shani (kwao walikuwa wafanyabiashara wa mjini Mwanza tangu enzi za babu yake) akaamua kuachana na taipureta na kununua kompyuta. Ilikuwa imetumika, lakini mtaa mzima ilikuwa hiyo moja. Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya jioni ya miezi mitatu kwa Sista Benadeta kule Pasiansi, na cheti changu nilikitundika ukutani juu ya mashine ili wateja wakisome wakati wakisubiri, na wasipokisoma nilikuwa nakifuta vumbi mbele yao.

Tatizo la ile kompyuta ni kwamba ilikuwa nzito. Ukiiambia ifungue barua unaweza kwenda kununua maandazi, ukala, ukanawa, ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Mama Shani akaagiza memori kubwa zaidi kutoka Dar, kikaja kipande chembamba chenye urefu wa kitana kidogo, kimefungwa kwenye gazeti. Akanikabidhi akasema, "Devota, weka kwenye droo. Sista atakuja Jumamosi kukifunga. Wewe usikiguse."

Alhamisi asubuhi Mama Shani akaenda sokoni Mwaloni kununua dagaa wa kuwapelekea ndugu zake Tabora, nikabaki peke yangu na ile droo. Nikajiambia, kwani Sista ana nini ambacho mimi sina? Nilishamwona akifungua kompyuta mara mbili (sawa, mara ya pili nilikaa nyuma ya mtu mrefu). Nikatafuta bisibisi, nikafungua ubavu wa mashine, nikatoa kile kipande cha zamani, nikaweka kipya, nacho kikakaa kimeinama kidogo, kama mtu aliyeegemea ukuta. Nikaona kimependeza, nikakiacha hivyo hivyo.

Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ya kijani ikawaka, nikatabasamu. Halafu skrini ikabaki nyeusi tii na mashine ikaanza kulia, pii, pii, pii, mlio mrefu wa kulalamika, nikazima haraka kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Nikarudisha kipande cha zamani (nacho nikakiegemeza vile vile, maana ndivyo nilivyodhani vinakaa), ikalia. Nikabadilisha soketi, ikalia. Nikapuliza vumbi, nikafuta kwa upindo wa khanga, nikaigeuza ielekee mlangoni ipate hewa, nikasali Baba Yetu moja ya harakaharaka, ikalia tena, na safari hii nilisikia kama imeongeza sauti.

Ndipo akaingia Shangazi Kabula.

Huyu alikuwa amemlea Neema, binti wa kaka yake, na Neema alikuwa anaolewa wiki mbili mbele na Elias, mtoto wa Mzee Masanja wa Kirumba. Kadi za mwaliko, alizoagiza kwa niaba ya pande zote mbili, nilikuwa nimeshazichapa, zimo ndani ya kompyuta, na leo ndiyo siku niliyomwahidi kuziprinti.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kadi zangu ziko tayari?"

Ningesema tu, Shangazi, nimefungua mashine bila ruhusa na imenishinda, haya yote yasingetokea. Lakini cheti kilikuwa kinanitazama, na yeye alikuwa anakitazama cheti, nami nikatafuta neno kubwa, lile ambalo Sista alilitaja somo la mwisho.

"Zimeingia virusi, Shangazi."

Akarudi nyuma hatua moja. "Virusi?"

"Ndiyo. Vimeingia kwenye kadi ya Neema."

"Na Elias je?"

"Kadi ni moja, Shangazi. Wote wawili wamo."

"Vimetoka wapi jamani?"

"Mara nyingi ni mambo ya kuazimana," nikasema kwa sauti ya kitaalamu, nikimaanisha diski. "Watu hawapimi kwanza."

Mjue kwamba miaka hiyo neno virusi lilikuwa na maana moja tu, na lilikuwa linasemwa kwa kunong'ona. Shangazi Kabula alielewa kwamba mgonjwa ni mashine, hilo namtetea mpaka leo. Ila alipotoka pale alipita kwa mwuza vitenge akamwambia, kwa uchungu wake wa kadi, "Kadi ya Neema imetoka na virusi." Mwuza vitenge hakufikiria kadi ya harusi. Alifikiria kadi ya kliniki. Akaenda kumpa pole jirani wa kina Neema, jirani akamwambia mwendesha baiskeli anayepeleka maziwa Kirumba, na kabla sijamaliza kuzungusha skrubu ya mwisho, kwa Mzee Masanja ilikuwa imefika habari kamili kwamba Neema na Elias wamepima na wote wawili wanavyo.

Saa tisa alasiri nikasikia kelele barazani. Nikachungulia. Mzee Masanja alikuwa amesimama pale na fimbo yake, kanzu ya kikao, ndugu zake wawili nyuma, na upande wa pili Neema mwenyewe, macho yamevimba, ameshikwa mkono na Shangazi Kabula ambaye alikuwa anajieleza na hakuna aliyemsikiliza. Nyuma yao mtaa wote. Na katikati ya mtaa, akitelemka na kapu lake la dagaa, Mama Shani.

"Binti," Mzee Masanja akaniambia kwa upole uliozidi kunitisha, "wanasema wewe ndiye uliyewapima."

Nikaanza kusema ni mashine, Mzee, ni mashine, nikanyoosha kidole kuelekea ndani, naye akafikiri namwonyesha mashine ya kupimia.

"Basi harusi isimame mpaka tujue," akasema.

Neema hakulia kwa sauti. Alikaa tu chini kwenye ngazi. Na hapo Elias akafika na baiskeli, shati limelowa jasho, akailaza chini bila hata kuiegemeza, akaenda kukaa kando yake kwenye ile ngazi, mbele ya baba yake na watu wote.

"Baba, mimi sijapima popote," akasema. "Lakini hata ingekuwa kweli, ningemwoa."

Mimi nilikuwa mlangoni na bisibisi mkononi, na nawaambieni ukweli, nilitamani ziwa lipande mpaka Mabatini linichukue, maana kijana wa watu ametamka maneno makubwa kuliko yote ya maisha yake kwa sababu mimi nimeshindwa kusema nimekosea.

"Ni mimi," nikasema. "Hakuna mtu mwenye virusi. Hata kompyuta haina. Nimeifungua mwenyewe, nikaiharibu, nikaona aibu, nikasema virusi."

Mzee Masanja akasogea. "Basi huyo mgonjwa nimwone."

Mama Shani hakunigombeza, jambo lililonitia hofu zaidi. Aliweka kapu chini, akapiga simu kwa masista, na baada ya kama nusu saa pikapu yao ikafika. Sista Benadeta akaitoa mashine barazani kwenye mwanga ili kila mtu aone, akaiwasha, akaisikiliza ikilia, akazima, akafungua ubavu, akachungulia ndani. Halafu akanitazama.

"Devota, hiki kipande umekilaza?"

"Kilijilaza, Sista."

Akakiweka kile kipya, akakisimamisha wima kwa vidole gumba viwili, kikasema tak, tak, pande zote mbili. Basi. Akawasha, ikalia mara moja tu, mlio mfupi, kama mtu anayekohoa kabla ya kuhutubia, na namba zikaanza kupanda kwenye skrini. Watu wakasukumana kuangalia. Mzee Masanja akaagiza nifungue hiyo kadi niisome kwa sauti, asikie mwenyewe kama ina ugonjwa.

Nikasoma. Familia ya Mzee Masanja wa Kirumba inayo furaha kukualika, na kadhalika, hadi nikafika kwenye jina la Elias na kukuta nimechapa "bwana halusi". Nikanyamaza. Sista akaliona, akafumba macho.

"Mbona umesimama?" Mzee akauliza.

"Kuna kosa, Mzee. Nimeandika halusi."

"Kosa liko wapi? Si ndivyo tunavyosema?"

Hapo Neema akacheka. Alianza polepole, mkono mdomoni, halafu akashindwa kabisa akamwangukia Elias begani, Shangazi Kabula akadakia, ndugu za Mzee nao, na baraza zima likalipuka, wengine wakicheka bila kujua wanacheka nini. Mzee Masanja akajizuia sana, lakini fimbo ilikuwa inatikisika.

Kadi zilitoka jioni ile ile, zimesahihishwa, na ile memori mpya ilifanya kazi haraka hata nikakosa muda wa kwenda kununua maandazi. Harusi ilifanyika, nikaalikwa, nikakaa nyuma kabisa. Cheti nilikitelemsha mwenyewe.

Nikajiwekea nadhiri moja, kwamba nikiharibu kitu nitasema nimeharibu, siku hiyo hiyo, kabla sijapata nafasi ya kutafuta neno kubwa. Mwezi uliofuata nikavunja kioo cha mashine ya fotokopi. Mama Shani alipotokea asubuhi, mguu mmoja ndani na mwingine bado nje, nikamwendea mbio: "Mama Shani, nimevunja kioo cha fotokopi, mimi mwenyewe, kwa mkono huu, leo saa moja asubuhi."

Akavua viatu taratibu.

"Devota," akasema, "hata shikamoo hujanipa."